Mikono Kwenye Mapaja

Mimi ni mtu ambaye hakuna cha kumshangaza tena. Nimelala na njaa nikiwa na unga ndani ya nyumba, kwa sababu kuni hazikuwepo. Nimeona noti za serikali zikigeuka karatasi za kufungia karanga, na nimeona mbuzi wakizunguka sebuleni kwa mtu mkubwa wiki moja tu baada ya mwenyewe kukimbia. Shule niliiacha darasa la nne, na leo nina bekari mbili, moja Jinja na moja Mbale, na wenye digrii huja kwangu na tai shingoni kuomba kazi. Sijivuni, nasema kilichopo. Kwa hiyo mwezi uliopita niliposikia kwamba Kalifani amefia nyumbani kwa mwanawe huko Malukhu, nilijua kabisa mazishi yake yatakavyokuwa. Nilijua watasema alikuwa mtu wa nidhamu, na kwamba waliokula jasho lake na waliokula vibao vyake watakaa mkeka mmoja. Nilivaa kanzu, nikampitia mzee Marijani kule Wanyange, ambako nimempangia nyumba ya vyumba viwili inayotazama ziwa, nikamketisha mbele kwenye pikapu, tukaishika njia ya Mbale. Mimi nilikuwa nakwenda kuona Kalifani akifukiwa, basi. Nilidhani na Marijani anakwenda kwa sababu hiyohiyo. Hapo ndipo nilipokosea, na hasira ya kukosea huko ninayo hadi sasa ninapoandika.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule wa vita kwetu Uganda, mwaka ambao yule mkubwa wa nchi alikimbia na wakombozi wakaja na bunduki zao kutoka Tanzania. Mimi nilikuwa kijana wa kukanda unga katika bekari moja ya Jinja, na Kalifani alikuwa msimamizi wetu. Hakuwa askari. Hilo nataka lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu wengi waliomfahamu walidhani aliwahi kuwa. Kazi yake ya zamani ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la fundi cherehani, akinyoosha sare za maofisa wa kambini, na mimi nadhani zile sare ndizo zilizomharibu: alizishika kila siku na hakuruhusiwa kuvaa hata moja. Wahindi walipofukuzwa, bekari ile alipewa bwana fulani wa Kampala ambaye hakujua hata gunia la unga lina uzito gani. Huyo ndiye aliyemweka Kalifani pale. Kalifani alikuwa na Kilusoga kizuri cha nyumbani kwao, chenye mizaha, alikitumia kwa wanawake na kwa watoto wake. Akivuka mlango wa bekari alikivua kama mtu anayevua viatu, akavaa Kiswahili. Siku zile, kwetu, Kiswahili kilikuwa mlio wa bunduki. Mtu akisema tu "wewe, simama" hukumuuliza ni nani.

Chumba cha kuokea kilikuwa kirefu, kuta zimelowa moshi hadi zikawa rangi ya chai. Katikati palikuwa na meza ya mvule iliyobonyea kwa miaka mingi ya kukandiwa, na mwisho kabisa tanuri, mdomo wake mweusi umeinama kidogo upande mmoja. Kando ya tanuri Kalifani alitujengesha jukwaa kwa makreti ya soda, akaweka kiti chake juu. Sheria ilikuwa moja: akiingia, kila mtu anaacha alichoshika, anasimama wima, mikono imebana kwenye mapaja. Hata kama donge la unga liko hewani, liache lianguke. Sasa mikono ya mwoka mikate ni mikono ya unga, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na viganja viwili vyeupe vilivyochapwa kwenye suruali, kimoja kulia, kimoja kushoto. Sokoni watu walitutambua kwa viganja hivyo. Akina mama wa nyanya walikuwa wakitucheka, "Hao watoto wa Kalifani, wamejishika wasianguke." Yeye alisikia mizaha ile na aliipenda. Alipita mbele yetu polepole, akitazama vidole. "Wewe, Siraje, iko nasimama kama gunia. Mgongo." Nami nanyoosha mgongo. "Wewe, Marijani, mzee mzima, kidole iko wapi?" Na Marijani, aliyenizidi umri karibu miaka ishirini, aliyejua tanuri lile kuliko mtu yeyote katika mji wa Jinja, anabana kidole chake kwenye paja.

Marijani alikuwa Mnubi, wa kabila walilotoka askari wengi wa kambini, na ndiye aliyenifundisha kazi. Siku zile hamira ya dukani ilikuwa imepotea kama sukari na sabuni zilivyopotea, na bekari nyingi zilifungwa kwa ajili hiyo. Yetu haikufungwa, kwa sababu Marijani alikuwa na chachu yake mwenyewe ndani ya chungu cha udongo, anailisha unga na maji asubuhi na jioni, anaifunika kitambaa, anaongea nayo kama mtu anavyoongea na ng'ombe wa maziwa. Mkate wote uliotoka mle ulitoka kwenye chungu kile. Kalifani alijua hivyo, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Mtu wa namna yake hawezi kuvumilia kumhitaji aliye chini yake.

Askari wa kambini walikuja asubuhi kuchukua mikate, na kulipa lilikuwa neno ambalo hakuna aliyelitaja. Hapo ndipo ulipomwona Kalifani mwingine. Alishuka kwenye makreti yake mbio, akabeba trei mwenyewe, mgongo umepinda, anacheka kabla hajaambiwa kitu cha kuchekesha. Nakumbuka siku moja askari mmoja, mtoto mdogo tu, aliuliza, "Mkate iko moto?" Kalifani akasema, "Iko moto, afande, moto sana." Yule akamzaba kibao. "Mimi nimeuliza moto. Sana nani amekuuliza?" Na Kalifani akacheka, akashukuru, naapa, alisema asante afande, akawasindikiza hadi kwenye gari. Kisha akarudi ndani. Sote tulikuwa tumesimama, mikono mapajani. Alipita mbele yangu, akapita mbele ya wengine, akasimama mbele ya Marijani, akampa kibao kilekile, kwa mkono uleule wa kulia, shavu lilelile la kushoto. Hakusema sababu.

Mchana tulikula posho, yaani ugali, na maharage nyuma ya ghala la kuni. Mimi nilikuwa sijaweza kumeza. Marijani alikuwa anatafuna vizuri tu.

"Kile kibao si changu," akasema. "Ni cha yule askari. Na askari naye si chake, alipewa na sajini wake kambini. Sajini kapewa na mwingine huko juu. Kinashuka tu, kama maji ya bwawa."

"Na wewe utampa nani?"

"Mimi nampa unga." Akanionyesha ngumi zake mbili. "Wewe unafikiri mkate wetu ni laini kwa nini?"

Tulicheka hadi maharage yakatutoka puani. Nimeandika kicheko hicho hapa kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijenga juu yake. Niliamini kwamba Marijani alisimama kwa mwili tu, na kwamba ndani alikuwa amekaa kitako anamcheka Kalifani. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kuna jua.

Vita vilipokaribia, askari wa kambini walikimbia na chochote chenye magurudumu. Wanubi wengi walikimbia nao, maana walijua watu watawachanganya na wale wenye bunduki. Marijani alimpeleka mkewe na watoto kaskazini, halafu yeye akarudi. Nilimuuliza amerudi kufanya nini. "Chungu hakiwezi kupanda lori," alisema. "Kikitikiswa siku mbili kimekufa." Hakuwahi kushika bunduki maisha yake yote. Alishika unga. Alidhani unga unaonekana mikononi.

Wakombozi waliingia, na siku ya pili au ya tatu asubuhi gari lao likasimama mbele ya bekari. Nje palikuwa na umati, watu walikuwa wakisubiri mkate tangu alfajiri, wana njaa na wana hasira ya miaka minane. Akashuka kijana mmoja mrefu, Luteni, bunduki begani, akapanda barazani, akamwinamia kidogo Kalifani aliyekuwa amesimama mlangoni na kusema, "Shikamoo, mzee."

Ninyi mlio wadogo hamwezi kujua jambo hili lilivyokuwa. Mtu mwenye bunduki anakuamkia. Kwa Kiswahili. Sisi tuliokuwa ndani tulitazamana. Kalifani hakuwahi kuamkiwa hivyo na mtu wa jeshi. Alibana mikono mapajani.

"Samahani kwa usumbufu," Luteni akasema. "Tunaomba kujua kama mnaweza kutuokea mikate. Tutalipa."

"Ndiyo, afande."

"Usisimame hivyo, mzee wangu, wewe ni raia. Kaa tuzungumze."

Kalifani hakukaa. Nilikuwa karibu, niliona jasho likimtoka nyuma ya masikio. Angetukanwa, angetulia. Angepigwa, angecheka. Lakini huyu alikuwa anaomba, na kwa Kalifani mkubwa haombi. Mkubwa akiomba basi kuna kitu kikubwa anakitaka na anangoja uone mwenyewe ni kitu gani. Alimtazama yule kijana kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

Luteni akauliza tena, kwa upole uleule, "Hapa mna shida gani?"

Kalifani akageuka. Aliinua mkono na kumwonyesha Marijani, aliyekuwa mezani ameshika donge, akasema kwa sauti ya kuamrisha, ile iliyofika hadi barabarani, "Shida ni huyu, afande. Huyu ni mtu yao. Mnubi."

"Mzee," Luteni akasema, "nilikuwa nauliza habari za unga na kuni."

Lakini umati ulikuwa umesikia. Tulisikia neno likipita nje kutoka mdomo hadi mdomo, na mtu akaanza kung'oa matofali ya ukingo wa mtaro. Luteni akatazama nje, akatazama ndani, akamshika Marijani mkono. Alimchukua ili asiuawe, hilo nililiona kwa macho yangu na siwezi kumsingizia. Marijani alitembea kati ya askari wawili, mikono yenye unga, na akiwa mlangoni aligeuka kunitafuta. "Siraje, usisahau kulisha chungu." Ni hilo tu alilosema.

Mimi siwezi kukaa tu bila kufanya kitu. Sijawahi kuweza, na ndiyo maana leo nina mali. Baada ya wiki kadhaa, Luteni aliporudi kuchukua mikate (na kulipa, alilipa kila siku), nilimfuata hadi kwenye gari nikamweleza Marijani ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wamempeleka gerezani pamoja na wengine wanaoshukiwa, na kwamba kumtoa si kazi kubwa. "Yule mzee aliyemtaja aje aseme kwamba alikosea. Aje tu aseme mbele ya mkubwa wangu. Nitampa gari la kumpeleka na kumrudisha."

Nilimwendea Kalifani akiwa juu ya makreti yake. Ukutani nyuma yake palikuwa na fremu ya picha ya mkubwa wa nchi, ileile ya zamani; aliyekimbia alikuwa ametolewa, na mpya alikuwa amekwisha kuingia, msumari ni uleule. Nilimweleza maneno ya Luteni. Nilimwambia ni safari ya asubuhi moja. Akanijibu kwa Kilusoga, kwa sauti ya chini, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho aliponiambia kitu cha kweli.

"Nikisema leo nilikosea, kesho nikiingia nani atasimama?"

"Mzee, mtu anaoza gerezani."

"Mkubwa hakosei mbele ya watu wake, Siraje. Akikosea mara moja, amekwisha. Nenda kakande."

Niliomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile yenye unga, mimi ambaye sijampigia mtu magoti tena tangu hapo. Alivaa Kiswahili chake. "Simama. Mikono." Na Mungu ananiona, nilisimama. Niliulizia tena mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata, hadi siku moja gari likaja na Luteni mwingine, wa kwanza amehamishwa, na huyu mpya hakujua mtu anayeitwa Marijani.

Nchi ilianza kupona, kwa namna yake. Sabuni ilirudi, kisha chumvi. Hamira ilirudi, na Kalifani akaniambia nitupe kile chungu. Sikukitupa, nilikificha kwenye ghala la kuni nikakilisha asubuhi na jioni. Wakati huo nusu yetu tulikuwa tumeacha kusimama. Hakuna aliyepanga. Mtu mmoja alichelewa kuacha donge, hakufanywa kitu, kesho yake wakawa wawili. Kalifani aliona na hakusema, alizidi tu kutazama fremu. Bunduki iliyokuwa nyuma ya Kiswahili chake ilikuwa imeondoka, na bila hiyo alikuwa mpiga pasi tena. Nilimwona akizeeka.

Ndipo mvua za mwaka mwingine zikaanza, na asubuhi moja Marijani akasimama mlangoni, ameachiwa. Meno ya mbele hayakuwepo. Shati lilimning'inia kama limetundikwa. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilimkalisha, nikampa chai na mkate nilioukanda kwa siri kwa chachu yake, naye akaunusa kabla hajaula, akatabasamu. Kisha Kalifani akaingia. Baadhi yetu tuliendelea kukanda. Marijani aliweka kikombe chini, akainuka, akanyoosha mgongo, akabana mikono mapajani. Kalifani alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulipata damu, mbele ya macho yetu, kama taa iliyotiwa mafuta. Akatugeukia sisi wengine.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona mtu?"

Tukasimama. Mmoja mmoja, wote. Mimi nilikuwa wa mwisho, lakini sikubana mikono; nilivua eproni, nikaenda ghalani, nikachota chachu kiasi cha kujaza kopo la siagi ya blubendi, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Siku hiyohiyo nilipata lori la kwenda Mbale, kopo nimelikumbatia tumboni. Nilianza kwa kuoka mikate midogo kwenye pipa, nikiwauzia madereva wa Kenya wanaopita kwenda mpakani, na Kiswahili hiki ninachoandikia ni cha kwao: kile walichotumia kuomba chai, kutaniana na kupatana bei. Katika bekari zangu hakuna kiti cha juu. Nikiingia, asimame nani? Kazi iko mezani. Nimemfukuza meneja mmoja kwa kosa la kuwasimamisha watu tu, na nitamfukuza mwingine. Nilipopata uwezo nilimtafuta Marijani, nikamtoa pale bekarini, nikampangia ile nyumba, na kwa miaka yote hiyo hatukumtaja Kalifani. Nilidhani kimya chake ni sawa na changu.

Malukhu palijaa. Mwanawe Kalifani, Twaha, ni mtu mzito sasa. Ndiye anayesambaza vyakula kwenye shule za bweni za Mbale, na mikate yote ya shule hizo ilikuwa yangu. Maiti ilikuwa imewekwa mbele, imefunikwa. Imamu akasema maneno ambayo husemwa kila mazishi: kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, warithi wapo, kama kuna aliyekosewa naye, tunaomba amsamehe. Watu hujibu kwa pamoja kwamba wamesamehe, na jeneza linainuliwa. Safari hii, kabla hawajajibu, Marijani aliinuka. Nikajisemea, sasa atamdai, baada ya miaka yote hii, sasa.

"Mimi nimemsamehe zamani," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na mimi naomba yeye anisamehe. Nilimsumbua. Alikuwa mkubwa wetu." Akageukia ile maiti. Akanyoosha mgongo wake wa uzee, na mikono yake ikashuka yenyewe, ikabana kwenye mapaja ya kanzu.

Watu walisema maskini, wengine walilia. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Mimi sijamsamehe."

Imamu akauliza kwa upole kama ninamdai. Nikasema ninamdai. Twaha akanijia, mkono tayari mfukoni. "Mzee Siraje, usituaibishe. Baba kama ana deni lako, sema ni shilingi ngapi, nilipe hapahapa kabla hatujamwinua."

"Mwaka mzima wa mtu huyu," nikasema, nikimwonyesha Marijani. "Baba yako alitakiwa aseme neno moja. Nimekosea. Hakulisema."

"Siraje," Marijani akasema, "keti. Mkubwa amelala hapa."

Sikuketi. Walimwinua Kalifani nikiwa nimesimama, mikono nimeikunja kifuani, na kila aliyepita na jeneza alinitazama kama mwendawazimu.

Njiani kurudi uvumilivu uliniisha. Nikamuuliza Marijani kwa nini. Alinijibu akitazama mashamba ya mpunga.

"Mle gerezani nilikuwa namngoja yeye," akasema. "Si Luteni, si wewe. Yeye ndiye aliyeniingiza, yeye ndiye angenitoa. Kila gari likiingia nilisimama vizuri, akija asinikute nimelegea. Mtu uliyemngoja hivyo huwezi kumchukia, Siraje. Huna mwingine."

Kwa hiyo hakuwa akimcheka. Hata siku ile ya maharage, labda. Sijui. Niliendesha, na sikujua nimkasirikie nani, aliyefukiwa au aliyekaa pembeni yangu akisinzia. Sasa najua. Namkasirikia yule aliyefukiwa, mara mbili. Mwaka wa gereza ungeweza kuhesabika. Lakini alimtia Marijani ndani yake kitu ambacho mimi, na nyumba yangu, na ziwa la kutazama, sikuweza kukitoa.

Wiki iliyofuata Twaha alirudisha mikate ya shule zote, ikiwa bado ya moto, na kumpa mtu mwingine kazi ile hadi mwisho wa muhula. Aliniuliza mbele ya watu ni shilingi ngapi, na siku ile sikuwa na jibu. Nimekaa na mhasibu wangu, tukapiga hesabu ya hasara ya mikate ile, bei ya kusimama kwangu siku ile, na sasa jibu ninalo, na ningelipa tena kesho: shilingi milioni nne, laki mbili na sabini na tano elfu.